Burning Sun: nani alikuwa bosi, na polisi walikuwa wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni shabiki wa BIGBANG, kundi la muziki wa pop wa Korea Kusini (K-pop), tangu nikiwa sekondari. Kila tukizungumzia kashfa ya klabu ya usiku ya Burning Sun, ile ya dawa za kulevya, wanawake kudhulumiwa na polisi kuwalinda wakubwa, nyumbani panawaka moto. Mdogo wangu anasema Seungri, mwimbaji wa kundi hilo, alitengenezewa zengwe ili ashushwe. Rafiki yangu anasema yeye ndiye alikuwa kinara wa genge zima. Kama alikuwa kinara, mbona alifungwa mwaka mmoja na nusu tu? Na Korea ni nchi tajiri, polisi wake wanalipwa vizuri. Wanahongwaje na vijana wa muziki? (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba, binti. Hao wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakivutia kwake. Nianze na rafiki yako, maana hiyo ya kinara ndiyo imesambaa zaidi.

Burning Sun ilifunguliwa Februari 2018 ndani ya hoteli ya Le Méridien, eneo la Gangnam, Seoul. Seungri alikuwa sura yake kila mahali: kwenye televisheni, kwenye Instagram, na usiku wenyewe akipanda jukwaani kupiga muziki. Lakini hisa zilipoanikwa, kampuni inayohusiana na hoteli ilikuwa na asilimia 42. Mwekezaji mmoja kutoka Taiwan alikuwa na 20. Wakurugenzi wawili walioendesha shughuli za kila siku waligawana 18. Yuri Holdings, kampuni ya Seungri na mshirika wake Yoo In-seok, ilikuwa na asilimia 20. Kwa hiyo mtu ambaye dunia nzima iliamini ndiye mwenye nyumba, kampuni yake ilikuwa na sehemu moja katika tano.

Sisemi hivyo kumsafisha. Nasema hivyo ili uone kazi aliyopewa. Alikuwa bango la barabarani. Jina lake liliwaleta wenye pesa, wa ndani na wa ng'ambo, na likafanya kila kinachotokea mle ndani kionekane ni starehe za mastaa tu.

Sasa ingia ndani uone pesa ilikuwa inatengenezwaje. Klabu za Gangnam hazitajiriki kwa kiingilio cha mlangoni. Pesa iko kwenye meza. Mteja anafunga meza kwa kununua chupa, na bei hupanda kadiri meza inavyosogea karibu na jukwaa. Burning Sun walikuwa na seti ya vinywaji waliyoiita kwa jina la Mansour, ndiyo, yule sheikhe wa Abu Dhabi mwenye Manchester City, na bei yake ilikuwa won milioni 100. Kwa kiwango cha wakati ule ni kama dola 88,000 kwa usiku mmoja. Chupa zinakuja zikiwa zimewashwa fataki ndogo, wahudumu wamepanga foleni, simu zote zimeinuliwa juu.

Anayeuza meza hizo ni dalali. Wakorea wanamwita MD. Wengi wao wanaishi kwa kamisheni ya chupa wanazouza. Na mwanamume anayelipa milioni 100 hataki kukaa na wenzake watatu wakitazamana. Kazi ya dalali basi ni kuhakikisha wanawake wapo: wanaingia bure, wanapewa vinywaji bure, wanaitwa mezani, wanasukumwa wakae. Mfumo mzima umejengwa hivi kwamba mwanamke ni sehemu ya kile mteja alicholipia, ila yeye mwenyewe hajaambiwa. Ukishalielewa hilo, mengine yote ya kutisha uliyoyasoma hayakushangazi tena. Dalali aliyekunja kamisheni ya maana hana sababu ya kuuliza kwa nini msichana fulani amelegea ghafla.

Hapo ndipo dawa ya GHB inapoingia. Ni kimiminika kisicho na rangi, kinachotiwa kwenye kinywaji, na mwili unakitoa haraka mno: kwenye mkojo hakikai zaidi ya saa 12 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Msichana anazinduka mchana, hakumbuki kitu. Anaona haya, anamwita rafiki, wanajadiliana, wanafika kituoni jioni. Kipimo kinatoka safi. Polisi anaandika hakuna ushahidi, na kwa karatasi iliyo mbele yake hajadanganya. Mmoja wa wakurugenzi wa klabu alitiwa hatiani kwa kutumia dawa za kulevya yeye mwenyewe. Kumthibitishia mtu kwamba alimnywesha mwingine ni kazi ya mbali zaidi.

Chini ya hayo kuna kodi, na hapa nitakwenda haraka. Korea inatoza kumbi za starehe ushuru wa ziada wa asilimia 10, juu ya VAT ya asilimia 10. Ukijiandikisha kuwa mgahawa wa kawaida, unaukwepa. Mwaka 2016, kabla ya Burning Sun, Seungri na Yoo walifungua baa iitwayo Monkey Museum iliyosajiliwa kama mgahawa lakini ikafanya kazi kama klabu. Arena, klabu nyingine kubwa ya Gangnam, ilikuwa na wamiliki wa kwenye karatasi huku mwenye mali halisi akiwa mtu mwingine. Alikamatwa Machi 2019 kwa tuhuma za kukwepa kodi inayozidi won bilioni 16. Biashara yenye fedha taslimu nyingi, vitabu viwili na mmiliki wa bandia lazima iwe na mtu wa kuitonya kabla ya msako. Na mtu huyo, mara nyingi, huvaa sare.

Tumefika kwenye polisi, sehemu ya swali lako niliyoipenda kuliko zote.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba 2018, mteja mmoja alipigwa ndani na nje ya Burning Sun. Yeye alisema alikuwa anamtetea mwanamke. Polisi walipigiwa simu, wakaja, wakamtia pingu yeye aliyepigwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilipochunguza baadaye ilikuta kwamba hati ya kumkamata ilisema alileta fujo kwa dakika 20 hivi. Picha za kamera zilionyesha kama dakika 2. Weka hizo namba mbili kichwani, maana mashtaka mengi duniani hutegemea askari anayeandika kwenye ile karatasi ya kwanza. (Mteja huyo naye si malaika. Mwaka 2022 mahakama ilimkuta na hatia ya kumshika mwanamke bila ridhaa ndani ya klabu hiyo hiyo. Mambo ya usiku hayana upande mmoja msafi, na wanaosimulia kisa hiki kama sinema huwa wanairuka sehemu hii.)

Televisheni ya MBC ilitangaza habari za kipigo hicho Januari 28, 2019. Februari, mwandishi Kang Kyung-yoon wa SBS akachapisha ujumbe wa grupu la KakaoTalk, ambalo kwa Wakorea ni kama WhatsApp kwetu. Ulikuwa wa Desemba 2015, na ndani yake Seungri alikuwa anapanga wanawake kwa ajili ya wawekezaji wa kigeni. Machi 11 ikaja zito zaidi: mwimbaji Jung Joon-young alikuwa akiwarekodi wanawake kwa siri wakiwa faragha naye na kuzisambaza video kwenye magrupu hayo. Walioathirika hawakupungua 10. Siku hiyo hiyo Seungri akatangaza kuacha usanii.

Ndani ya ujumbe huo huo, wanagrupu walitamba kwamba wana mkubwa wa polisi anayewalinda. Ndiyo maana aliyevujisha, kupitia wakili wake, hakuupeleka polisi. Aliupeleka kwa Tume ya Kupambana na Rushwa na Haki za Raia, ambayo ikaukabidhi kwa waendesha mashtaka. Mimi kama mwanasheria nasema hatua hiyo moja ndiyo iliyoiokoa kesi. Ungeingia kwenye mkondo wa kawaida, ungerudi pale pale Gangnam.

Mkubwa mwenyewe alipatikana: Yoon Gyu-geun, ofisa wa ngazi ya juu ambaye aliwahi kufanya kazi ikulu. Alikuwa na ukaribu na Yoo In-seok. Walicheza gofu, walikula pamoja, alipewa tiketi za tamasha. Polisi walipojumlisha yote wakapata won milioni 2.68. Kama dola 2,300, kwa jumla.

Unaona sasa? Ulidhani ni mabegi ya fedha. Ilikuwa ni mlo wa jioni, mzunguko wa gofu na tiketi za onyesho. Sheria ya Korea ya kuzuia takrima kwa watumishi wa umma, iliyoanza Septemba 2016, inafanya kosa la jinai pale kinachopokelewa kinapozidi won milioni 1 kwa mara moja au milioni 3 kwa mwaka. Milioni 2.68 inakaa chini ya mstari. Yoon alishtakiwa kwa mambo mengine. Mwaka 2020 aliachiwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikamtoza faini ya won milioni 20, na kilichomkamata ni suala la hisa na kuagiza ushahidi uharibiwe. Ile ya kumpenyezea Yoo habari za ukaguzi wa Monkey Museum haikusimama.

Mshahara mzuri haukuwa kinga, kwa sababu hakuna aliyejiona anapokea rushwa. Hapa kwetu tunapenda kufikiri mlungula ni askari wa barabarani anayetaka ya chai kwa kuwa mfuko wake umetoboka. Gangnam ilikuwa kujuana. Ofisa anamfahamu mwenye klabu, mwenye klabu anamfahamu staa, mtoto wa ofisa anapenda muziki. Siku mtu akipiga simu kuuliza "lile suala la leseni linaendaje?", anajibiwa kama rafiki. Hakuna bei iliyotajwa. Na hilo ndilo gumu kuliko yote kulithibitisha mahakamani, kwa sababu hongo ina tarehe na kiasi, urafiki hauna.

Hata pale ambapo pesa ilitajwa, kesi iliponyoka. Askari mstaafu alishtakiwa kwa kupokea won milioni 20 kutoka upande wa klabu ili suala la mteja aliye chini ya umri, la Julai 2018, limalizwe. Suala lenyewe lilikuwa limekwisha bila mtu kufikishwa mahakamani. Mahakama ya kwanza ilimfunga mwaka mmoja. Rufaa ikamwachia.

Kuna tukio moja la nyuma ambalo kwangu linaeleza zaidi kuliko Burning Sun yenyewe. Mwaka 2016 aliyekuwa mpenzi wa Jung Joon-young alimshtaki kwa kumrekodi. Jambo la kwanza ambalo mpelelezi yeyote angelifanya ni kuchukua simu. Haikuchukuliwa. Jung alisema imeharibika na amewapa mafundi; ikaja kubainika kwamba ofisa wa polisi aliiomba kampuni ya uchunguzi wa simu iandike kuwa data haiwezi kurejeshwa. Mwanamke alikuwa ameondoa malalamiko yake, kesi ikafungwa, na Januari 2017 Jung alikuwa amesharudi kwenye kipindi chake cha televisheni akichekesha familia za Wakorea kila Jumapili. Ujumbe uliolipuka mwaka 2019 ulitoka kwenye simu yake ya miaka ile. Yaani kesi nzima ilikuwa mikononi mwa polisi miaka mitatu kabla, wakaiacha ipite.

Na niseme la mashabiki, kwa kuwa umejitambulisha kuwa mmoja wao. Waandishi wanawake walioandika habari hizi walitukanwa na kusumbuliwa kwa miezi. Kang mwenyewe aliieleza BBC, katika makala yao ya Mei 2024, jinsi alivyoandamwa wakati akiwa mjamzito. Ulinzi wa staa haukuwa kituo cha polisi peke yake.

Katika makala hiyo hiyo ndipo ilipojulikana nani alimsaidia Kang kumpata ofisa wa polisi. Alikuwa Goo Hara, mwimbaji wa zamani wa KARA, kundi la wasichana la K-pop, aliyefariki Novemba 2019. Naye alikuwa kwenye kesi na mpenzi wake wa zamani aliyemtishia kwa video. Alimfahamu Choi Jong-hoon, mpiga gitaa wa bendi ya FT Island aliyekuwemo kwenye magrupu, tangu walipokuwa wanajifunza kazi. Akampigia simu na kumshawishi aseme anachokijua kuhusu yule mkubwa. Ule mtandao wa kujuana ulipasuliwa na mtu aliyekuwa ndani ya kujuana huko huko, tena mwanamke ambaye hakuwa na faida yoyote ya kupata.

Sasa vifungo. Jung alipewa miaka 6 Novemba 2019, rufaa ikapunguza hadi 5. Choi alipewa 5, ikawa miaka 2 na nusu. Makosa yao makubwa yalikuwa ubakaji wa zaidi ya mtu mmoja dhidi ya wanawake waliolewa, mwaka 2016. Mbona nusu kwa Choi? Kwa sababu alifikia makubaliano na mwathirika wakati wa rufaa. Mahakama za Korea hutoa uzito mkubwa sana kwa suluhu kati ya mkosaji na aliyekosewa, na mkosaji mwenye fedha ana njia nyingi za kuitafuta. Watetezi wa wanawake huko wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na mimi niko upande wao.

Seungri ni hesabu tofauti. Iliombwa akamatwe, hakimu akakataa Mei 2019, na tena Januari 2020. Alishtakiwa akiwa nje, akaenda jeshini Machi 2020 kwa lazima ya sheria, kwa hiyo kesi ikahamia mahakama ya kijeshi. Agosti 2021 alikutwa na hatia ya makosa yote 9 na kufungwa miaka 3. Miongoni mwake: kutafutia wawekezaji makahaba, kucheza kamari kwa mazoea Las Vegas, kuvunja sheria ya fedha za kigeni, kuchota zaidi ya won milioni 500 za Burning Sun kwa kisingizio cha ada ya kutumia chapa, na kuita watu wa genge la wahuni wawatishe wateja aliogombana nao kwenye baa mwishoni mwa 2015. Rufaa, Januari 2022, ikapunguza kifungo hadi mwaka mmoja na nusu. Sababu? Alikuwa amekana karibu makosa yote. Kwenye rufaa akakubali yote. Mahakama ya Juu ya nchi ikathibitisha Mei 2022, akatoka Februari 2023.

Tazama orodha hiyo tena. Hakuna dawa za kulevya ndani ya klabu. Hakuna ubakaji. Hapo ndipo mdogo wako ana haki kidogo: Seungri hakutiwa hatiani kwa mambo ambayo watu wengi wanamhusisha nayo. Lakini zengwe? Mtu aliyetengenezewa zengwe hasimami mahakama ya rufaa akakubali makosa 9. Na rafiki yako naye amjibu mwendesha mashtaka yupi aliyewahi kumfungulia shtaka la ukinara. Kesi ilikatwa vipande: kamari hapa, leseni pale, fedha za klabu kule, kila kipande na kifungu chake cha sheria. Yoo In-seok, mshirika wake, alihukumiwa mwaka 1 na miezi 8 mwaka 2020, tena hukumu iliyositishwa kwa miaka 3, yaani haendi jela asipotenda kosa jingine. Hakuna hukumu hata moja iliyoitazama klabu kama mtambo mmoja. Vifungo vifupi vinatoka huko.

Kama unadhani yote yalianza na K-pop, mwaka 2009 mwigizaji Jang Ja-yeon alifariki akaacha maandishi kwamba alilazimishwa kuwaburudisha wakubwa. Rais Moon Jae-in mwenyewe, Machi 2019, aliagiza suala lake lichunguzwe sambamba na Burning Sun. Mei mwaka huo kamati ya wizara ya sheria ikasema uchunguzi wa awali ulikuwa na kasoro, ila muda wa kisheria wa sehemu kubwa ya makosa umepita.

Yapo yaliyobadilika. Kituo cha polisi cha Gangnam kiliwekwa chini ya mpango wa kuhamisha hadi asilimia 70 ya askari wake ndani ya miaka 5, ili kujuana kusiote mizizi. Mwaka 2020 sheria ilianza kumwadhibu hata anayetunza au kutazama video zilizorekodiwa kwa siri: hadi miaka 3 jela au faini ya won milioni 30. Wale waliokuwa kwenye magrupu wakicheka tu bila kurekodi, leo wangekuwa na kesi. Kwangu mimi hilo la pili ni kubwa kuliko kuhamisha askari. Askari mpya naye anakula chakula cha jioni.

Uliniuliza mwishoni mwa barua yako, kwa aibu kidogo, kama ukisikiliza BIGBANG unamlipa Seungri. Aliondoka kwenye kundi Machi 2019, na wimbo walioutoa Aprili 2022 una sauti za watu wanne. Za zamani bado yumo, na hukumu ya jinai haimfutii msanii haki zake kwenye kazi aliyoshiriki.